Kujitolea kwenye tamasha la muziki la karitie (mtaa), Lubumbashi: hatua kwa hatua

Kiangazi kikishika Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo (DRC), kuanzia Mei mpaka Septemba, hakuna tena anayeangalia mawingu, na uwanja wowote wenye nafasi unaweza kuwa ukumbi wa muziki. Mtaa wa Katuba watakuletea karindula, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi. Mtaa wa Kamalondo vijana watashika maikrofoni. Pembeni ya parokia korali itaimba mpaka baridi iwatawanye watu. Muziki wa nje si jambo geni Katanga: mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, alikuwa amemkuta akipiga gitaa barabarani.

Kilichobadilika ni ukubwa. Siku hizi kuna sono (mitambo ya sauti), jenereta, bia, na watu elfu kadhaa ndani ya uwanja wa shule. Na mengi ya matamasha haya hayana kampuni nyuma yake. Yanaendeshwa na kamati ya wakaaji: mwalimu, mama wa sokoni, fundi wa redio, mwanafunzi wa UNILU (chuo kikuu cha mji) mwenye simu nzuri. Mshahara hawana, kwa hiyo kila mwaka wanatafuta mikono. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa mmoja wa mikono hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya Lubumbashi, ila mtu wa Likasi au Kolwezi akiufuata hatapotea.

Hatua ya 1: Jua tamasha ni la nani

Kabla ya kutoa jina lako, hudhuria mkutano mmoja wa kamati. Mikutano hufanyika jioni kwenye lupango (ua) la mtu au nyuma ya kanisa, na mgeni hafukuzwi. Salimia wakubwa, kaa, sikiliza. Neno likipewa wageni, uliza haya bila haya:

– Barua ya kutoa habari imefika kwa burgumestre (mkuu wa komini) na kwa meya? Nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko kwa nani?
– Nani anashika pesa, na nani mwingine anasaini naye?
– Wanaojitolea watakula nini, na usiku watarudi vipi nyumbani?
– Mtu akiumia kazini, nani atalipa hospitali?

Swali la mwisho huwa linaleta ukimya. Si lazima uondoke kwa sababu ya ukimya huo. Omba tu jambo liandikwe kwenye daftari la mkutano ili lijibiwe wiki inayofuata. Lakini kama wiki moja kabla ya tamasha nakala ya barua bado haionekani, mimi ningebaki nyumbani. Polisi wakija kuzima muziki, atakayekutwa mlangoni ni wewe. Rais wa kamati atakuwa "njiani, anakuja."

Hatua ya 2: Omba kazi unayoiweza

Kila kijana anataka kuwa karibu na jukwaa, avae baji shingoni na apige picha na msanii. Kazi za jukwaani ni chache na zinahitaji watu wasioduwaa mbele ya msanii. Nyingine zote ziko mbali, na nyingine ziko mahali ambapo muziki hausikiki vizuri.

Ukisema "nitafanya chochote" utapewa kubeba viti, na viti vikiisha utakaa. Sema unachojua. Mama aliyeuza sokoni kwa miaka anajua noti mbovu kwa kuigusa, huyo ni wa mlangoni. Aliyewahi kuwa konvwayeri (kondakta) wa taksi-bisi anajua kupanga watu wenye haraka bila kugombana nao. Mwalimu wa shule ya msingi apewe watoto waliopotea. Fundi umeme apewe umeme, na mtu mwingine yeyote asiguse.

Kazi zisizo na wenyewe ni tatu: choo, takataka, na ulinzi wa vyombo usiku. Ukiomba moja kati ya hizo kwa hiari yako, kamati nzima itajua jina lako kabla mkutano haujaisha, na mwaka unaofuata utachagua unachotaka.

Hatua ya 3: Zamu na daftari

Hapa ndipo tamasha linaposimama au kuanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa matangazo. Halifai kuwa orodha ya zamu. Siku yenyewe nusu ya simu zitakuwa zimezima kwa ajili ya delestaje (mgao wa umeme) ya jana usiku, nyingine hazina mega (bando), na ujumbe muhimu utakuwa umezama chini ya picha na salamu. Orodha iwe ya karatasi, kubwa, imebandikwa ukutani mahali ambapo wanaojitolea wanakutana. Iwe na safu tano: kituo, jina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na jina la mbadala. Safu ya mbadala ndiyo ambayo kamati nyingi huiacha, na ndiyo inayookoa siku.

Andika saa kwa tarakimu, 14:00 au 20:00, kwa sababu saa mbili ya nyanya na saa mbili ya mjukuu wake aliyesoma kwa Kifaransa huenda zisikutane.

Zamu yenye urefu wa saa nne inatosha kwa kazi nyingi. Mlangoni na mbele ya jukwaa ziwe saa tatu, maana huko mtu anachoka kichwa kabla ya miguu. Mtu asipangiwe zamu mbili mfululizo hata akiomba. Wanaoomba ni vijana wenye moyo, na ndio watakaolala juu ya viti saa 22:00 wakati umati umejaa.

Kisha kanuni moja ambayo kamati iisome kwa sauti mbele ya wote: zamu haiishi saa ikifika. Inaisha mwenzako akisimama mahali pako. Unamwambia yaliyotokea, unampa jile (kizibao cha kazi), ufunguo na tochi, mnahesabu pesa pamoja kama zipo, ndipo unaondoka. Asipofika, unamtuma mtu kwa msimamizi na wewe unabaki. Mlango ulioachwa wazi kwa dakika kumi unaingiza watu ambao hutaweza kuwatoa.

Hatua ya 4: Mavazi na mkoba

Kiangazi cha Lubumbashi kina sura mbili. Mchana jua linachoma na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Usiku, hasa Juni na Julai, mji huu ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari unashuka hata chini ya nyuzi 10. Wageni kutoka Kinshasa ndio wanaoonekana wakitetemeka ndani ya fulana.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kandambili ziache nyumbani, kwa sababu ya chupa zilizovunjika na nyaya. Beba kofia, koti la usiku, kitambaa au barakoa ya vumbi, chupa ya maji ya lita moja na nusu, tochi ambayo si simu, kalamu mbili, na pesa ndogo za kurudi nyumbani zilizowekwa mbali na nyingine. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta hata kidogo. Kula kabla ya kuja. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu) ya kamati itafika, lakini sufuria za tamasha zina saa zake.

Hatua ya 5: Siku ya kujenga

Siku moja kabla, fika asubuhi. Kazi ya kwanza ni kukata majani makavu pande zote za uwanja na kuyaondoa, siyo kuyachoma pale pale. Kijiti kimoja cha sigara kwenye nyasi za Agosti kinatosha.

Kisha nyaya. Waya unaovuka njia ya watu una nafasi mbili tu: juu sana au umefunikwa. Juu sana maana yake ni juu kuliko mtu aliyebeba kreti ya bia kichwani, akiwa amenyoosha mkono kuishika. Pima hivyo hivyo, mweke mtu na kreti chini ya waya, umwone akipita. Kama lazima upite chini, ufunike kwa raba nene. Kipande cha mkanda mkuukuu wa migodini kikipatikana ndicho bora, kwa sababu hakikunjiki na gari linaweza kupita juu yake. Waya wa kuongezea ulio kwenye gurudumu ufunguliwe wote hata kama unahitaji mita tano tu. Ukiachwa umejiviringa huku umeme mwingi unapita, unapata moto ndani na kuyeyuka.

Jenereta iwekwe mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi nje ya uwanja. Kujaza mafuta ni baada ya kuizima na kuiacha ipoe, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Nakaza neno kuhusu walinzi wa usiku. Baridi ya Julai inawafanya wasogee kwenye jenereta kutafuta joto, au waingize mbabula (jiko) ya makala (makaa) ndani ya hema na kufunga mlango. Moshi wa jenereta na makala yanayowaka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi, na anayelala ndani yake haamki. Mbabula ikae nje. Walinzi wapewe mablanketi, na mmoja awe macho wakati mwingine amelala. Kamati inayosema haina pesa za mablanketi ipunguze msanii mmoja.

Mwisho wa siku, zima taa zote uwanjani na utembee kutoka jukwaani hadi chooni. Ulipojikwaa, ndipo pa kuweka taa.

Hatua ya 6: Mlangoni

Kituo hiki kinataka watu watatu. Mmoja anapokea pesa, wa pili anachana tiketi, wa tatu anaangalia mikoba na kusema karibu. Mtu mmoja asifanye kazi mbili, hata kukiwa na foleni, kwa sababu foleni ndiyo wakati wa makosa.

Kabla ya kufungua, andikeni kwenye katoni kubwa bei kwa faranga, bei kwa dola, na kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo. Katoni ikisema, mabishano yanapungua nusu. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni haitapokelewa popote mjini kesho, kwa hiyo msiipokee leo. Irudisheni kwa adabu. Njooni na faranga ndogo za chenji tangu asubuhi, maana wa kwanza hamsini wote watakuja na noti kubwa. Anayelipa kwa simu asubiri mpaka ujumbe ufike kwenye simu ya tamasha. Picha ya ujumbe kwenye simu yake mwenyewe haihesabiki, hata akiapa kwa mama yake.

Halafu kuna wakubwa wasio na tiketi. Watakuja: afisa bila sare, binamu wa burgumestre, papa (mzee) aliyetoa kiwanja mwaka wa nyuma. Usimpandishie mtu mzima sauti mbele ya watu, na usimwache apite kwa kuogopa. Msimamizi awe na orodha ya waalikwa, na wewe uwe na maneno tayari. Yanayofanya kazi Lubumbashi ni ya upole na ya aibu kidogo:

"Papa, heshima yako. Batu bote banalipa, hata ba mama ba korali. Nilipe mimi juu yako?"

Wengi hucheka na kutoa pesa. Asiyecheka, mpeleke pembeni kwa msimamizi, usimalize naye mlangoni. Mlevi naye anaitwa yaya (kaka), anapewa kiti nje na maji, na anaambiwa arudi baada ya nyimbo mbili. Mara nyingi atalala hapo hapo.

Watoto waandikwe mlangoni. Chukua kalamu ya wino na uandike namba ya simu ya mzazi kwenye mkono wa mtoto, ndani, karibu na kiwiko, mahali ambapo jasho halifuti haraka. Inachukua nusu dakika. Mtoto aliyepotea apelekwe sehemu moja inayojulikana, na akae na watu wawili, asiachwe na mmoja. Jina lake lisitangazwe kwenye maikrofoni; tangaza nguo zake, na anayekuja kumchukua ndiye aseme jina. Mtoto akikataa kwenda na mtu huyo, haendi.

Na neno la pembeni: usipige picha za polisi wala za askari wakiwa kazini. Picha nzuri haina thamani ya usiku mzima wa maelezo kwenye ofisi.

Hatua ya 7: Umati

Oktoba 29, 2022, kwenye tamasha la Fally Ipupa katika Stade des Martyrs, Kinshasa, watu 11 walikufa kwa msongamano. Uwanja wa karitie ni mdogo zaidi, lakini mwili wa mtu haujui ukubwa wa uwanja. Watu hawafi kwa kukanyagwa tu. Wengi hufa wakiwa wamesimama, wamebanwa kifua mpaka pumzi haiingii.

Jifunze kuona msongamano kwa macho. Chora mraba wa mita moja kwa mita moja ardhini kwa chokaa, siku ya kujenga, na ingizeni wenzako mmoja mmoja. Wakiwa watatu, mtu anacheza. Wanne, bado anaweza kugeuka. Watano, mabega yanagusana pande zote na hakuna anayechagua anakokwenda. Kumbuka sura ya hao watano. Ukiiona mbele ya jukwaa, mwite msimamizi wakati huo huo, usisubiri mtu apige kelele.

Dalili nyingine: vichwa vinayumba pamoja upande mmoja, kisha upande mwingine, bila muziki kuhusika. Watu wanainua watoto juu. Wanaotaka kutoka wanasukuma kinyume. Hapo muziki usimame. Anayeongea awe MC au msanii mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili, akiwaomba walio nyuma warudi hatua tatu. Walio mbele hawawezi kufanya lolote. Kuwaambia wao warudi ni kupoteza muda. Taa za uwanja ziwashwe.

Milango ya dharura ifunguke kwenda nje na isiwe na kufuli. Kamati hupenda kufuli kwa sababu ya wanaoingia bure. Weka mtu badala ya kufuli. Hilo ni jambo moja ambalo anayejitolea ana haki ya kulikatalia kazi: usisimame kwenye mlango wa dharura uliofungwa kwa mnyororo.

Hatua ya 8: Maji, choo na mgonjwa

Kipindupindu kinarudi Kongo kila mwaka, na tamasha lenye choo kibaya ni mwaliko. Kwenye kila choo kuwe na ndoo yenye bomba, sabuni iliyofungwa kwa kamba, na mtu. Mtu ndiye muhimu. Ndoo isiyo na mtu inakauka saa 17:00 na sabuni inaondoka na mwenye bahati. Mwenye zamu ya choo ana ufagio, glavu, majivu au chokaa, na taa. Vyoo vya wanawake viwe na taa ndani na njiani pia, na viwe upande wenye watu, siyo nyuma kabisa gizani.

Maji ya kunywa yasitegemee bomba la REGIDESO (kampuni ya maji) siku hiyo. Yajazwe tangu jana kwenye mapipa safi yenye kifuniko, yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa, na yachotwe kwa bomba, siyo kwa vikombe vinavyoingizwa ndani.

Kamati iombe Msalaba Mwekundu mapema, kwa barua. Wakija, mgonjwa ni wao. Kazi yako ni kufungua njia na kuwazuia wenye simu wasirekodi. Wasipokuwepo au wakiwa upande wa pili, jua haya machache:

Aliyezimia kwa jua, mpeleke kivulini, mlaze, inua miguu, legeza nguo, mloweshe kwa maji shingoni. Akiamka na kuelewa, ndipo anywe.

Anayeharisha au kutapika anapewa maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo. Na anapelekwa kituo cha afya bila kungoja mwisho wa wimbo.

Aliyeshikwa na kifafa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu. Ondoa vitu vigumu karibu naye, angalia saa, na degedege likiisha mlaze kwa ubavu. Likipita dakika 5, ni hospitali. Watu watasema ni pepo na watamtaka mchungaji. Mchungaji aje akipenda, ila gari liwe linakuja pia.

Mlevi aliyelala huwekwa kwa ubavu, na mtu anamwangalia. Kama alikunywa lutuku (pombe kali ya kienyeji), mwangalie mara mbili zaidi: akilalamika kwamba haoni vizuri, hiyo si pombe ya kawaida, apelekwe hospitali.

Hatua ya 9: Masikio

Fupi tu, maana hakuna anayesoma sehemu hii. Sauti ya desibeli 85 sikio linaivumilia saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unapungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100, ambazo mbele ya spika ni jambo la kawaida, una dakika 15. Wenye zamu karibu na jukwaa wapewe vizibo vya masikio na wabadilishane mapema. Pamba ya dukani haizuii sauti vya kutosha.

Hatua ya 10: Kurudi nyumbani

Saa ambayo tamasha linaisha, taksi-bisi zimekwisha au zimepandisha bei. Manseba (taksi za pikipiki) wako nje, lakini kwa bei ya usiku, na wengine wamekunywa kama abiria wao. Kwa hiyo kamati ikubaliane na dereva wa basi moja tangu mwanzo, imlipe nusu, na iandike njia: Kenya (mtaa wa hapa, si nchi), Katuba, Rwashi, na nani anashukia wapi. Wasichana wasishushwe peke yao kwenye barabara kuu. Basi liingie mpaka kwenye avenyu yao au mtu ashuke naye. Atakayekosa basi alale kwenye kambi ya wanaojitolea, na amwambie mtu wa nyumbani kwao kabla simu haijazima.

Hatua ya 11: Kufagia

Huko Afrika Kusini, katika nusu jangwa la Tankwa Karoo, kuna kusanyiko la AfrikaBurn lililoanza mwaka 2007 na linaloendeshwa zaidi na watu wanaojitolea. Hakuna pipa la takataka. Kila mtu anarudi nyumbani na uchafu wake, maji anakuja nayo mwenyewe, na kitu kinachouzwa pale ni barafu. Sisi hatuwezi kuiga hayo yote, na sioni sababu: tamasha la Lubumbashi bila mama wa mikate na samaki wa kukaanga ni mkutano wa kisiasa. Lakini namna yao ya kusafisha tunaiweza.

Asubuhi inayofuata, saa 06:30, kabla ya jua kali na kabla ya uvivu, simameni kwenye mstari mmoja upande wa jukwaa, umbali wa mikono miwili kati ya mtu na mtu. Kila mmoja ana mfuko. Mnatembea pamoja polepole mpaka ukuta wa pili, kila mtu akiokota kilicho mbele yake tu. Mstari unasimama kila mtu anapoinama. Mkifika, mnageuka na kurudi mkikata upande mwingine. Watu wanaofagia bila mstari huokota vikubwa na kuacha vifuniko vya chupa na vigae, na Jumatatu watoto wa shule watacheza mpira hapo pekupeku.

Kabla ya mstari, okoteni chupa za bia. Vidange (chupa tupu) vina pesa, kreti nzima zina pesa zaidi, na vijana wa karitie wanajua hilo kuliko ninyi. Mkichelewa hadi saa 08:00 hamtazikuta. Elewaneni mapema pesa hizo ni za nani. Vifuko vya plastiki vilipigwa marufuku nchini kwa dekreti ya Desemba 30, 2017, na mtavikuta kila mahali vile vile. Msivichome uwanjani. Vifungeni, vipelekwe jalalani kwa toroli iliyolipwa, na mtu mmoja aende na toroli mpaka vimwagwe, kwa sababu wenye toroli wana jalala lao kwenye mfereji wa kwanza.

Vyoo vya kuchimbwa vifunikwe siku hiyo hiyo. Mwenye kiwanja aitwe aone, apite mwenyewe, aseme mbele ya watu wawili kwamba ameridhika.

Hatua ya 12: Mkutano wa hesabu

Ndani ya wiki mbili kamati isome hesabu mbele ya wote: tiketi zilizochapwa, zilizouzwa, zilizorudi, mafuta, sono, wasanii, chakula. Nenda, hata kama umechoka nao. Uliza kuhusu kila kitu ulichokiona kwa macho yako: kama ulikuwa mlangoni, unajua foleni ilikuwaje, na namba za tiketi lazima zifanane nayo. Sema pia kituo chako kilikosa nini, iandikwe kwenye daftari. Tochi tatu zilizokosekana chooni zikiandikwa leo, zitakuwa kwenye bajeti ya mwakani.

Mwanafunzi aombe cheti kinachoonyesha kazi aliyofanya na tarehe zake, chenye saini na muhuri. Kichukue siku hiyo hiyo, kabla ya katibu hajasafiri, kisha rudisha jile na ufunguo, na usaini kwamba umevirudisha.